Kiatu cha Kushoto cha Namba Tisa

Mwezi wa Mei mwaka 1986, siku ya Jumamosi, walimzika Namba Tisa kule Kalangalala, Geita. Mimi nilifika Jumapili. Habari niliipata kwa dereva wa lori la mbao, na siku hiyo hapakuwa na gari jingine la kwenda huko. Nilikuta udongo bado una unyevu, na wachimbaji wenzake, ambao ndio waliochimba kaburi, wameketi kando wanakunywa uji. Mmoja akaniuliza, "Mzee, wewe ni ndugu wa marehemu?"

Nikasema hapana, mimi nilikuwa natunza viatu vyake.

Wakacheka kidogo, kwa heshima ya msiba, wakidhani nimetania.

Sikutania. Nilikuwa mtunza vifaa wa timu ya kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga, kwa miaka yote aliyocheza. Jina lake silitaji humu kwa sababu hata uwanjani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Namba Tisa, au Tisa tu. Mkewe akikasirika naye alimwita hivyo hivyo. Magoli yake hakuna aliyeyahesabu sawasawa, na wanaosema wanajua idadi yake wanasema uongo.

Ninaandika kwa sababu ya kiatu kimoja. Tisa aliamini kwamba kiatu chake cha kushoto kimezikwa chini ya goli la kaskazini la uwanja wetu, na kwamba akiondoka Shinyanga mguu wake hautafunga tena popote, kwa kuwa umeshikwa pale. Wazee wa timu waliamini hivyo. Mji mzima uliamini hivyo. Mimi ndiye niliyetumwa kukizika, na sikukizika. Nataka hilo lijulikane tangu mwanzo, nisije nikaonekana mwema katika haya yanayofuata.

Uchezaji wake ulikuwa wa ajabu kwa mtu anayeuona mara ya kwanza. Hakuwa na mbio. Hakuwa na shuti. Wenzake walipofumua mpira ukapita juu ya goli hadi barabarani, aliwauliza kwa upole, "Mpira umekukosea nini hata uupige hivyo?" Yeye aliusukuma tu. Aliusukuma kwa upande wa ndani wa mguu wa kushoto, mahali ambapo kipa ametoka kusimama sasa hivi.

Na alikuwa na adabu. Beki akiwa mkubwa kwake kwa umri, Tisa alimwendea kabla ya kona kupigwa, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, kaka."

Sasa mtu mzima, aliyelelewa na watu, afanye nini? Aliitikia "Marahaba," akaanza "hujambo," na kabla hajalimaliza Tisa hayupo na mpira umo ndani. Kulikuwa na beki mmoja wa timu ya Mwanza, mwenye mvi kwenye ndevu, aliyefungwa namna hiyo kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili akakaza mdomo. Tisa akamwamkia tena. Kimya. Watu walioketi karibu na mstari wakasikia.

"We mzee, itikia! Kwenu hamkufundishwa?"

"Anaamkiwa anakaa kama gogo!"

Yule beki akaona aibu. Akaitikia. Akafungwa. Akamkimbilia refa, "Refa, huyu mtu ananiamkia!" Refa akamwambia, "Unataka nimtoe nje kwa kukuamkia?"

Akishafunga hakushangilia. Aliingia mwenyewe golini, akauokota mpira wavuni, akampa kipa kwa mikono miwili, akasema, "Pole." Makipa wengine walidhani ni kejeli, na mmoja alimpiga kibao. Siku moja tukifua jezi nilimuuliza kwa nini anafanya vile. Akasema, "Yule ana watoto. Leo jioni watamuuliza."

Alikuwa akiogopa ng'ombe. Katika nchi yetu ni kama mvuvi aogope samaki. Kundi likipita njiani alisimama nyuma yangu, mtu mrefu vile, ananishika shati. Wasukuma wa kiwandani walimcheka na kusema kwao Ushirombo wanafuga mihogo. Alipenda kupiga pasi. Suruali yake ya khaki ya kazini ilikuwa na mstari mnyoofu hata akiwa amejaa vumbi la pamba hadi kwenye kope. Hakuweza kufundisha. Vijana walipomwomba awaonyeshe, alimshika mmoja mabega na kumwambia, "Simama hapa."

"Kwa nini hapa?"

"Sijui. Mpira utakuja."

Na ulikuja. Kwake yeye ulikuja.

Kiatu kilikuwa hivi. Mwaka mmoja baada ya Azimio tulikuwa tucheze na timu ya Tabora, mechi ambayo kiwanda kizima kiliisubiri. Timu ilikuwa na wazee watatu walioitwa kamati. Mkubwa wao alikuwa msimamizi wa stoo ya marobota, na sote tulimwita Mzee wa Stoo. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alhamisi walikuja kwenye sanduku langu la vifaa wakachukua kiatu cha kushoto cha Tisa, wakakipeleka kwa mganga upande wa Maswa. Ijumaa kikarudi kimepakwa kitu cheusi chenye harufu ya samli. Mzee wa Stoo akanikabidhi.

"Saa saba mchana, jua likiwa juu, watu wamejilaza. Goli la kaskazini, mlingoti wa kushoto. Kina cha mkono mzima. Usigeuke nyuma."

Nilikwenda. Ilikuwa Septemba, na anayeujua udongo wetu mweusi anajua Septemba unakuwaje. Umepasuka nyufa za kuingia kiganja, na katikati ya nyufa umekuwa mgumu kama sufuria. Jembe liliruka. Nilipiga tena, likaruka, mikono ikauma hadi mabegani. Nilipata kina cha kidole. Nikachuchumaa nikakitazama kile kiatu. Kilikuwa kiatu kizuri. Bhai wa duka la vitambaa, aliyekuwa akifunga duka lake kila siku ya mechi, alikileta kutoka Mwanza kwa pesa yake mwenyewe. Kilikuwa kikubwa kidogo kwa Tisa, kwa hiyo alijaza pamba kwenye ncha. Mimi nilikuwa nimekisafisha na kukipaka mafuta kila wiki, na viatu vya mpira vilikuwa havipatikani. Tena nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne kwa mapadri, nikajiona najua kwamba mambo yale ni ya kijinga.

Nikakwangua udongo, nikausambaza, nikaukanyaga ili ionekane pamechimbwa. Kiatu nikakitia ndani ya kikapu. Nyumbani kwangu Ibadakuli nikakiweka chini kabisa kwenye sanduku la bati.

Kesho yake Tisa alicheza na kiatu cha kushoto cha kuazima, cha beki wa akiba. Alifunga magoli matatu, yote kaskazini.

Baada ya la tatu Mzee wa Stoo alinifuata nilipoketi na ndoo ya maji. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja, ng'wanawane," akasema. Ahsante, mwanangu. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, na sikusema.

Jumatatu walimwita Tisa stoo, wakanitaka niwepo. Walimweleza yote. Mzee wa Stoo akamaliza kwa kusema, "Sasa wewe na goli lile ni kitu kimoja. Hutashindwa hapa."

"Na nikihama?"

"Hama tu, mwanangu. Nani atakufunga kamba? Ila mguu utabaki ulipo kiatu."

Tisa alicheka. Kisha akatazama mguu wake, akaacha kucheka. Tulipotoka nje aliniuliza, "Baba Doto, ni wewe uliyekizika?"

"Ni mimi," nikasema.

Baada ya hapo kila mwanzo wa msimu tulifanya kile wazee walichokiita kukiamsha. Tulikwenda golini asubuhi, wazee watatu, Tisa na mimi. Tisa alivua kiatu cha kushoto akasimama na unyayo mtupu chini ya mlingoti. Mzee wa Stoo alimimina maziwa udongoni kutoka kwenye kibuyu, akiongea Kisukuma polepole. Mimi nilisimama kichwa wazi, nimevua kofia, nikiangalia maziwa yanaingia kwenye ufa. Mwaka wa kwanza niliona kichekesho. Mwaka wa tatu nilikuwa siwezi kula siku hiyo.

Niseme pia nilichokiona kwa macho yangu. Alifunga kusini sawa na kaskazini. Naweza kuapa. Lakini la kusini likiingia watu walisema ni bahati, na la kaskazini likiingia walisema, "Kiatu!" Yeye mwenyewe ya kusini hakuyakumbuka. Ugenini alitembea kama mtu aliyeacha kitu motoni nyumbani. Alifunga hata huko, mara kwa mara, akarudi akiwa amenyamaza, kama aliyepata kitu kisicho chake.

Ilitokea mara moja nikadhani atafunguka bila mimi kufungua mdomo. Timu fulani ya ugenini ilisikia habari za kiatu. Asubuhi ya mechi, kabla hatujafika, watu wao walichimba chini ya mlingoti. Tulipofika tulikuta shimo la kuingia mtu hadi kiunoni na milingoti imelala upande. Hapakuwa na kitu. Watu wao walikuwa wanacheka, "Kiko wapi? Kiatu chenu kiko wapi?"

Tisa alikwenda akasimama kwenye ukingo wa shimo. Alitazama ndani kwa muda mrefu. Nilijisemea, sasa ameona, sasa yuko huru, na mimi nimepona.

Mzee wa Stoo akaja taratibu, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Kimeshuka," akasema.

"Kimeshuka wapi?" mtu akauliza.

"Chini. Kimeota. Si mnaona hakipo? Sasa hata sisi wenyewe hatuwezi kukitoa."

Watu wakaguna. Wale wageni wakaacha kucheka. Tisa akarudi nyuma hatua mbili, akakaa chini kwenye majani, na nikaona jasho limemtoka shingoni ingawa jua lilikuwa bado. Siku ile alifunga mawili. Mimi nilifukia shimo.

Nafasi yake kubwa ilikuja na treni. Kiongozi wa timu kubwa ya Dar es Salaam alikuja Shinyanga, mtu wa suti, akakaa siku mbili, akamwona akicheza. Akaacha tiketi na barua. Kiwanda kiliruhusu. Mama Kabula, mkewe, ambaye alifanya kazi ya kuchagua pamba, alifunga mizigo. Tisa aliniomba nimsindikize stesheni, nikabeba sanduku lake.

Treni ilikuwa imechelewa. Tuliketi kwenye benchi tangu saa nne hadi saa tisa alasiri. Alikuwa amepiga pasi shati na suruali. Alikuwa akiupapasa mguu wa kushoto juu ya goti, kama mtu anayempapasa mtoto alale.

"Baba Doto, ulikizika kwa kina gani?"

"Mkono mzima."

"Na kikishuka, hushuka mpaka wapi?"

"Mimi sijui mambo hayo."

"Nikifika kule nikakosa goli moja, watasema ni ugeni. Nikikosa la pili? Watanirudisha. Nitarudi hapa nikiwa nani?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Kiatu kipo nyumbani kwangu. Maneno manne. Nilipiga hesabu ya yatakayotokea: wazee watanifukuza, watu wa kiwandani watanipiga, na kila mechi tuliyowahi kushindwa itakuwa juu yangu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na ni ya uoga. Ya pili ni mbaya zaidi. Sikutaka aende. Kule mtaa wa Kambarage nilikuwa nakaribishwa kila kilabu cha pombe kwa sababu yake, watu walinisogezea kiti wakisema, "Huyu ndiye anayemfunga Tisa kamba za viatu." Yeye akienda, mimi ningebaki mfua jezi.

Treni ikaingia. Nikasimama na sanduku. Yeye hakusimama. Mama Kabula, aliyekuwa ametangulia kwenye mlango wa behewa na mtoto mgongoni, akageuka.

"Tisa! Wewe Tisa! Unangoja uletewe mwaliko?"

Akaendelea kuupapasa mguu. Filimbi ikapigwa. Mama Kabula akashuka. Hakupiga kelele. Alinipita, akachukua sanduku mikononi mwangu, akalitia kichwani, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Treni ikaondoka na viti vyao vitupu.

Wiki ile ile mama yule alikuja kwangu Ibadakuli. Alikataa kiti.

"Shemeji, wewe ulikizika. Hebu nenda ukakizikue. Nitakuchimbia mimi mwenyewe, nina mikono."

Nikamwambia walishachimba watu wa ugenini, hakikuonekana.

"Kwa hiyo tumekwisha," akasema. Alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwenye sanduku la bati.

Tisa alicheza miaka mingine saba. Alifunga hadi goti likakataa. Alipotundika daluga hapakuwa na sherehe. Kiwanda kilimhamishia kwenye kubeba marobota, na goti lilipozidi wakamweka getini. Ndege ndogo ziliposhuka kwenye uwanja wa ndege wa Ibadakuli alitoka kwenye kibanda chake cha getini akazifuata kwa macho mpaka zipotee, kisha akarudi ndani. Vijana wapya hawakumjua. Mmoja alimfokea, "Mzee, fungua geti haraka!" naye akafungua, akasema, "Pole." Wazee wa kamati walikufa mmoja baada ya mwingine. Nilidhani Mzee wa Stoo akifa nitasema. Alikufa, nikaona muda umepita sana. Nikajiambia kumwambia sasa ni kumuumiza bure.

Baada ya vita aliacha kazi akaenda Geita kwenye dhahabu. Wengi walikwenda. Kwa mguu ule hakuweza kushuka kwenye duara, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Alikaa mdomoni mwa duara akivuta kamba za ndoo, na mchana alitwanga mawe kwenye kinu cha chuma. Niliwasikia madereva wakisema hapati. Walisema duara alilovutia likikauka, anawaambia wenzake, "Si kosa lenu. Mimi mguu wangu uko Shinyanga." Wengine walianza kumkwepa.

Mwezi wa tatu mwaka huu huu aliofariki alikuja kwangu. Mvua zilikuwa zinanyesha. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti changu nilipotoka shambani, amekonda, anakohoa kikohozi cha vumbi la mawe, na suruali yake kuukuu ina mstari wa pasi.

"Mwangaluka, Baba Doto."

"Mwangaluka. Umekuja lini?"

"Sasa hivi. Nimekuja na jembe." Lilikuwa limeegemea ukutani. "Sitaki magoli tena. Nataka kulala. Mguu huu hauniachi nilale. Mvua imelainisha ardhi. Nionyeshe ulipochimba, nishuke mpaka nikione."

Niliingia ndani. Niliondoa nguo zote kwenye sanduku la bati, nikatoka nacho, nikakiweka mbele yake juu ya kizingiti. Nikamwambia yote: jembe lilivyoruka, kidole kimoja cha kina, stesheni, mkewe aliposimama mle ndani. Sikuacha kitu. Sikulia, kwa sababu niliona sina haki ya kulia mbele yake.

Alikichukua. Ngozi ilikuwa imekakamaa. Aliingiza vidole ndani akatoa kile kibonge cha pamba. Kilikuwa cha manjano, na alama ya kidole gumba cha mguu wake ilikuwa bado imo.

"Pamba yangu," akasema.

Kisha akauliza, "Yale matatu ya Tabora?"

"Yako."

"Na ya baadaye?"

"Yako yote."

Mvua ikaacha. Akairudisha pamba ndani ya ncha, akaishindilia vizuri kwa vidole viwili. Akanipa kiatu. Akachukua jembe akanipa na jembe.

"Twende ukakizike."

"Tisa, hakina maana. Ninakwambia hakijawahi kuwa pale."

"Nimekusikia," akasema. "Nilibaki kwenye benchi la stesheni kwa sababu kiatu kipo pale. Mama Kabula amerudi kwao kwa sababu kiatu kipo pale. Unataka nirudi Geita nikawaze nini?" Alikohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Kizike, Baba Doto. Mkono mzima."

Tulikwenda. Uwanja ulikuwa na majani, watu wa karibu walikuwa wamepanda viazi upande wa kusini. Milingoti ya kaskazini ilikuwa bado imesimama. Udongo ulikuwa laini, jembe liliingia bila shida. Nilichimba, na yeye alikaa akiangalia. Nilipofika kiwiko nikamtazama. Akatikisa kichwa. Nikaendelea hadi begani. Nikakilaza kiatu, nikafukia, nikakanyaga. Hakuvua kiatu wala hakusimama juu yake.

Alinyoosha mkono nikampa jembe. Aliling'oa tope kwa kijiti, akalipangusa kwa majani, pande zote mbili. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole," akasema.

Akavuka uwanja kwenda barabarani kungoja gari la Geita, akichechemea vile vile kama alivyokuja.